Panga Moja kwa Migomba Yote

Nyamiaga, Ngara.

Mwanangu Editha,

Sikuulizi hali, maana nakusikia. Uko chumba cha pili, unafungua zipu ya begi, unafunga, unafungua tena. Nadhani ni lile koti ambalo limekataa kuingia. Ningeweza kubisha mlango nikakwambia haya kwa mdomo, lakini unanijua: nikianza kusema jambo zito naishia kuuliza kama mbuzi wamefungwa. Mkono wangu una adabu kuliko mdomo wangu. Basi nimekaa kwenye meza ya cherehani, nimesukuma vitambaa vya watu pembeni, naandika.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutompa begi kila kijana wa stendi anayelikimbilia, shangazi yako ameshayamaliza. Amekufundisha mpaka namna ya kumsalimu mwalimu mkuu, kana kwamba watu wa Lindi, huko ulikopangiwa kufundisha, hawajui shikamoo. Mimi nataka kuzungumza nawe habari za kibanja hiki, shamba hili la migomba lililozunguka nyumba, na habari za neno ulilolisema jana wakati unaosha vyombo. Ulisema utakwenda, utaripoti, utafundisha muda kidogo, halafu utaomba uhamisho urudi Ngara ili migomba ya mama yako isimame tena. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali, mwanangu, na barua hii yote ni jibu la neno lile.

Nianzie siku tuliyomleta mama yako kuzikwa. Ulikuwepo, lakini ulikuwa ndani kwa Bibi Astelia jirani na wanawake wengine, hukuona nilichokiona mimi. Unajua kwamba mimi ni mtu wa Nyamiaga kwa jina tu. Babu yako aliondoka hapa akiwa kijana, akaenda Biharamulo kutafuta kazi, akaoa huko, akanizaa huko, akawa anarudi kwa misiba. Mimi nimekulia Biharamulo mjini, nikajifunza cherehani, nikamchukua mama yako kwao Nyamahanga, kwa watu wa mahindi na mihogo. Habari za migomba nilizijua kwenye sahani. Lakini mama yako alipofariki, wazee wa ukoo walisema mke huzikwa kwa mumewe, na kwa mumewe ni hapa, kwenye kibanja cha babu yangu. Tukamweka kwenye pikapu tukaja.

Tangu bibi yangu afe hakuna mtu aliyekuwa amegusa kibanja hiki. Wachimba kaburi walikuja na mafyekeo kabla ya majembe. Migomba ilionekana vichwa tu, myembamba, imekondeana. Chini yake palikuwa na magugu, kishona nguo na sangari, mpaka kifuani, na vichaka vya miiba ambavyo hata leo sijui majina yake. Walifyeka njia kutoka barabarani mpaka mahali pa kaburi, nami nikawa nawafuata nyuma, nimeshika kofia. Mmoja wao hakujua kama niko karibu. Akamwambia mwenzake, "Huyu mama wa watu tunamzika porini." Mwenzake akajibu, "Pori kabisa. Ngedere watamsalimia kabla ya wajukuu." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu walio kazini, wakaendelea kufyeka.

Hawakukosea. Hilo ndilo lililoniuma. Watu wa huku humzika mtu wao kwenye migomba, karibu na mlango, asikie sufuria zikigongana na watoto wakigombana. Mtu aliyezikwa mahali ambapo hakuna anayepika ametupwa, na mimi nilikuwa nimemtupa mama yako mbele ya ukoo mzima. Nilirudi Biharamulo na lile neno. Nikikaa kwenye cherehani nashona sare za shule, nasikia porini. Nikilala nasikia porini. Wewe ulipokwenda chuo cha ualimu, nikafunga kibanda changu cha ushonaji, nikapakia cherehani na kitanda, nikahamia hapa. Ulinipigia simu ukaniuliza kama nimechanganyikiwa, nami nikakujibu kwa ukali. Ulikuwa na haki ya kuuliza.

Sikujua kitu, Editha. Nilikuwa mtu mzima mwenye vidole vilivyozoea mkasi, ninayeshika jembe kama mtu anayeshika nyoka. Sangari niliikatakata kwa jembe vipande vidogo vidogo, tena kwa raha, nikijua naiua. Mvua iliponyesha kila kipande kikaota. Ilirudi nene kuliko ile niliyoikuta, na majirani wakipita wananipa pole kwa sauti ambayo haikuwa ya pole. Nikaanza upya, nikachimba mizizi kwa mikono, nikakusanya kila kilichokuwa chini: magugu, majani makavu ya migomba, magogo yake yaliyooza, kila kitu. Nikarundika, nikachoma moto. Kisha nikachukua ufagio.

Unaukumbuka uwanja wetu wa Biharamulo. Mama yako aliufagia kila asubuhi mpaka mistari ya ufagio ikaonekana, na mtu akiingia na viatu vya matope aliangaliwa mpaka akajuta. Kwangu huo ndio ulikuwa usafi, na sikujua mwingine. Nilifagia chini ya migomba yote, nikafagia mpaka kwenye kaburi, udongo ukabaki mtupu na mwekundu, hakuna hata jani. Siku hiyo nilijisikia mtu. Nikaenda kumwita Bibi Astelia, jirani yetu wa huku chini, aje aone.

Alisimama ukingoni, hakuingia. Nilimwamkia, akaitika marahaba. Halafu akaniuliza, "Baba Editha, mbona umeivua nguo?" Akanieleza kwamba migomba hutandikiwa nyasi na majani yake yenyewe, kwamba udongo wa kibanja hauonwi na jua, na kwamba kilichonifurahisha mimi ndicho kitakachoiua. Ningekuwa na akili ningemshukuru. Nilimjibu kwamba mimi ni fundi nguo, mambo ya kuvisha nayajua. Akacheka kidogo, akashuka kwake akiwa ameshika kiuno.

Kiangazi cha mwaka ule udongo ulipasuka. Mizizi ya migomba ikatoka juu, na upepo wa mwisho wa kiangazi ulipokuja ikaanza kuanguka na mikungu yake midogo isiyofaa hata kwa mbuzi. Nilikuwa nikiisikia kutoka kitandani. Nikaitegemezea miti ili isimame, kibanja kizima kikawa kama wodi ya waliovunjika miguu. Wakati ule nilimlaumu Bibi Astelia moyoni, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta upepo. Leo ninajua kwamba sikuwa nafagia kwa ajili ya migomba wala kwa ajili ya mama yako. Nilikuwa nawafagilia wale wanaume wawili wa mafyekeo, ambao hata hawakumbuki walichosema.

Halafu ukaja wewe, cheti kwenye begi na kazi hakuna. Wenzako wengine walikwenda kuuza duka Kahama, wewe ukaamua kuingojea serikali hapa kwangu. Kila asubuhi ulikuwa unapanda pale juu penye mtandao kuangalia kama majina ya ajira yametoka, ukishuka naangalia uso wako na najua. Sasa nakwambia jambo baya. Miaka ile uliyoumia ndiyo miaka niliyofurahi tangu mama yako afe. Jumapili nilikuwa napiga magoti kanisani kuomba jina lako litoke, halafu natembea kurudi nyumbani nikifurahi kwamba bado. Nimeliungama kwa padri. Kwako sikuwahi kulisema, na lazima ulijue kabla hujafikiria kuomba uhamisho kwa ajili yangu.

Wewe ulikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Ulikwenda kwa Bibi Astelia bila kiburi, ukarudi unajua kukata nyasi zikiwa hazijatoa mbegu, kuzitandika mbali kidogo na shina, kuacha mgomba mama, mwana na mjukuu na kung'oa wengine wote. Tulikuwa tunakwenda kukata nyasi kule mtelemkoni, wewe na mzigo wako kichwani, mimi na wangu begani kwa sababu kichwani huniangukia, na watoto wa jirani wanacheka. Udongo ukafunikwa. Sangari ikapungua, ikabaki ya kung'oa kwa mkono jioni huku tunaongea. Mkungu wa kwanza wa maana ulipokomaa uliupika na maharage, ukampelekea Bibi Astelia bakuli, akakwambia chumvi imezidi. Watu waliopita njiani walianza kusalimia kutoka mbali na kusema kibanja cha Mama Editha kimefufuka. Walisema cha Mama Editha, wakati mama yako hakuwahi kulala hapa hata siku moja akiwa hai. Nilikuwa naingia ndani kulia.

Sasa nifike kwenye panga.

Fundi nguo hawezi kuona uzi unaning'inia akauacha. Ndivyo nilivyokuwa kwenye migomba. Jani likianza kukauka nalikata, ganda likilegea nalivua, kila mgomba nikiuacha umenyooka kama suruali ya Pasaka. Panga nililinoa mwenyewe, tena lilikuwa moja tu, na nililionea fahari. Migomba yote nilikuwa naishughulikia mimi, isipokuwa ile iliyozunguka kaburi. Hiyo uliichagua wewe, nami sikuigusa.

Siku ile, kule pembeni chini, kulikuwa na mgomba mmoja umelegea. Majani yake yalining'inia kana kwamba umemwagiwa maji ya moto. Nikadhani ni kiu. Nikaukata majani, nikaona bado ni mbaya, nikaukata wote. Kwenye kidonda chake pakatoka kitu cha njano, kizito, kama usaha. Nakumbuka nilisema, tazama huyu, ana jipu. Nikafuta panga kwenye suruali, nikakuletea wewe, nikakwambia, "Haya, endelea kule kwa mama yako." Ukaenda.

Na mimi sikuishia hapo. Nilikuwa bado najisikia vibaya kwa jibu nililompa Bibi Astelia zamani, nikaona nimlipe wema. Kesho yake nikashuka kwake na panga lile lile, nikashinda kutwa nikimsafishia migomba yake yote. Alinikaangia karanga. Jioni alitembea katikati ya mashina yake akiyagusa, akasema kibanja chake hakijawahi kupendeza hivyo tangu mumewe afe.

Unajua kilichofuata, lakini nataka kukisema kwa mpangilio wake kwa sababu naona wewe umekipanga vingine kichwani. Majani yakawa ya njano, moja baada ya jingine. Ndizi zikaiva zikiwa changa, ukizikata ndani kuna wekundu kama kutu. Tukamwita bibi shamba wa kata. Alipasua ndizi moja, akaitazama, akasema ni mnyauko. Akauliza tunatumia mapanga mangapi. Nikamwambia moja. Akauliza kama huwa tunalipasha moto kabla ya kuhama kutoka mgomba huu kwenda mwingine, na wewe ukajibu kabla yangu kwamba hapana. Hakutulaumu. Alitueleza tu kwamba ugonjwa ule hauna mguu, hubebwa na chuma, kutoka utomvu kwenda utomvu, na kwamba sasa yote ing'olewe na mashina yafukuliwe.

"Yote?" nikauliza.

"Yote, mzee wangu. Hata ile inayoonekana mizima."

Tulifukua pamoja. Nilikwambia ile ya kaburini niachie mimi, ukakataa. Ulishika jembe, ukachimba shina la kwanza karibu na msalaba, na ulipolitoa ukakaa chini kwenye udongo ukasema, "Hii ya Mama niliikata mimi." Ulisema mara moja tu. Nilikwenda kukuletea maji, ulipokunywa tukaendelea. Umebeba neno hilo mpaka leo, naliona. Ndilo lililosema jana, wakati wa vyombo, kwamba utarudi kuisimamisha.

Basi jibu langu ni hili, limechelewa. Panga lilitoka mkononi mwangu likiwa bado limelowa. Mimi ndiye niliyeuona usaha, mimi nikautania, mimi nikafuta kwenye suruali, mimi nikakutuma. Wewe ulipewa panga na baba yako ukafanya kazi uliyoambiwa. Kama kuna mtu wa kudaiwa migomba ile, ni mimi, na mimi sitaidai kwako. Siku ile nilikimbilia maji badala ya kusema, na siku zilizofuata sikusema kwa sababu kusema kungemaanisha kutamka na habari za Bibi Astelia, ambazo nilikuwa bado sijaweza.

Kwa Bibi Astelia ugonjwa ulianza kuonekana baada ya kwetu. Yule mama ana kibanja kile tu. Alilelea humo watoto wake wote, na sasa wajukuu wawili. Nilishuka asubuhi moja, nikamkuta mlangoni anapukuchua maharage. Nilisimama mbele yake nikamwambia, "Bibi, ugonjwa huu nimekuletea mimi." Hakuinua kichwa. Aliendelea kupukuchua, halafu akasema, "Najua. Nilikuona unakata." Nikabaki nimesimama, nangoja anitukane au aniambie si kitu. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, sogea, unanizibia mwanga."

Nikasogea. Akamaliza maganda yaliyokuwa mapajani, ndipo akasema miguu yake haiwezi tena kazi ya kufukua, nije kesho na jembe. Nilikwenda kesho, na siku nyingi baada ya hapo. Hakunisimanga hata mara moja. Wala hakuwahi kuniambia kwamba si kitu. Mwanamke yule, ambaye maishani mwake hakuwahi kununua ndizi, sasa anarudi nazo kutoka sokoni Ngara ndani ya mfuko wa nailoni, na akinipita njiani ananisalimu vizuri. Sijui kama amenisamehe. Sijamuuliza, na nadhani kumuuliza kungekuwa ni kumwongezea mzigo mwingine juu ya ule wa sokoni.

Huko uendako utaumiza mtu. Utamwambia mtoto neno mbele ya darasa, kwa uchovu tu, na utaliona limeingia. Sina la kukufundisha juu ya hilo zaidi ya nilichokiona kwenye mlango ule. Nilikwenda pale nikitaka kutolewa mzigo, nikapewa jembe, na ilikuwa afadhali.

Sasa kuna jambo la wiki hii. Yale machipukizi safi tuliyoletewa kutoka kwa yule mkulima wa upande wa Lukole, tuliyoyapanda baada ya maharage kuvunwa, unajua ulivyoyapenda. Ulikuwa unayatembelea kabla ya kunawa uso. Siku ulipokwenda mjini kununua begi, niliona lile la karibu na msalaba limeanza njano kwenye jani la katikati. Nililing'oa, nikachimba mpaka chini, nikalipasha panga moto mpaka likabadilika rangi. Uliporudi ukauliza liko wapi, nikakwambia mbuzi amelila. Mbuzi hakulila. Mengine yaliyobaki leo ni ya kijani. Kesho sijui. Bibi shamba anasema huenda tuliwahi mno kupanda, udongo ulikuwa haujapona. Mimi ndiye niliyesema tuwahi, kwa sababu nilitaka uondoke ukiwa umeyaona yamesimama.

Nakwambia hivi usije ukasikia kwa mwingine, na ili ujue unachotaka kukirudia. Huenda kibanja hiki hakitasimama tena nikiwa hai. Mama yako kwa sasa amelala kwenye mabua ya maharage na marando ya viazi vitamu, na magugu yameanza tena upande wa juu, maana peke yangu sitayaweza yote. Kuna jioni nakaa pale kwenye jiwe namwomba radhi. Huwa simsikii akijibu, Editha. Watu husema wanawasikia wafu wao, mimi namsikia ndege na redio ya jirani. Najaribu kukumbuka kama mama yako, alipokuwa hai, aliwahi hata siku moja kutaja mgomba. Sikumbuki. Alitaja madaftari yako. Alikuwa anayafunika kwa karatasi za kalenda, picha ikiwa ndani ili usiiangalie darasani, na akigundua umeng'oa kona kuichungulia anakuja kibandani kunishtakia.

Kwa hiyo usiombe uhamisho. Ukiona mahali pazuri pa kukaa, kaa. Ukiolewa huko nitakuja nikiwa nimevaa suti niliyojishonea, na nitawaaibisha kwa kuikagua mishono ya watu. Ukija likizo, uje kunitazama, ulale mpaka saa unayotaka, na jembe usilishike. Kama utaona msitu umerudi mpaka mlangoni, utaniona na mimi humo ndani, nakunywa chai. Nitakuwa nimeushindwa kwa haki, nao sitaki ukushinde na wewe.

Najua hutapenda. Najua utaniambia mimi ni mzee na niko peke yangu. Ni kweli, na sipendi. Nyumba hii usiku ikiwa na mtu mmoja inatoa sauti ambazo hazitoki ikiwa na wawili. Nitaogopa kupika, maana nitapika cha wawili. Sikufichi. Ila kuniogopea si kazi uliyosomea.

Neno la mwisho ni la kesho. Ulipokwenda bweni mara ya kwanza, mama yako ndiye aliyekupeleka. Mimi nilisema nina nguo za watu. Hapakuwa na nguo za watu zaidi ya gauni moja, na nililishona mkono mmoja ndani nje, mwenyewe akaja akanicheka. Nilikuwa sitaki kuona gari likitoka. Sasa mama yako hayupo wa kunisaidia jambo hilo, na shangazi yako amepanga kwamba nitakwenda nawe mpaka stendi ya Ngara, nikuone unapanda. Nimemwambia magoti yananiuma, nitaishia pale njia yetu inapokutana na lami, kisha bodaboda akuchukue na begi lako.

Magoti hayaniumi. Nikifika stendi, nikakuona umekaa dirishani, nitakuomba ubaki. Mimi ambaye maneno hunitoroka, siku hiyo nitayapata yote, na mazuri. Na wewe nakujua, utashuka.

Baba yako.